Nyumba za Watumishi na Viwanja vya Mji

Mtumishi ahamishiwapo Tarime au Mugumu hupewa kazi na meza, lakini mahali pa kulala hujitafutia mwenyewe. Zamani nyumba ya Serikali ilifuata cheo: karani akiondoka, mwenzake huingia. Mwaka 2002 Serikali iliamua kuwauzia watumishi nyumba walizokaa. Walionunua hatuwalaumu, maana nani akataaye nyumba? Ila nyumba iliyokwisha kuuzwa haimngoji karani ajaye, wala Wakala wa Majengo ya Serikali, ulioanzishwa mwaka uo huo, hauwezi kupangisha kisicho chake tena.

Basi mgeni hukodi chumba mjini, akishindana na wachuuzi na wenyeji maskini. Na katika mashindano hayo mwenye fedha chache ndiye asukumwaye nje. Kwa hiyo neno hili si letu watumishi peke yetu.

Halmashauri zetu haziwezi kumjengea kila mtu, nasi hatuombi hilo. Liwapasalo ni kutangulia: kupima viwanja na kufungua njia kabla watu hawajajenga ovyo, kwani hati haitolewi kwa kiwanja kisichopimwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 2002 ulipima vingi, lakini bei iliwashinda maskini. Twataka viwanja vidogo vya bei ndogo vitengwe mapema.

Kila mwanachama amwandikie Katibu kodi alipayo na mwendo aendao hadi kazini, tupate kupeleka maombi yetu Halmashauri yakiwa na hesabu.