Stima Haikupotea, Ilikatwa na Tawi

Wakenya tuna msemo wetu: "Stima imepotea." Tunausema vile mtu angesema mbuzi amepotea, ati alitoka tu zizini akaenda zake na hakuna wa kuulizwa. Mvua inaanza, upepo unavuma dakika tano, giza. Mtu anatafuta mshumaa, mwingine anachungulia dirishani kuona kama ni tokeni zimeisha au ni mtaa mzima. Akiona ni mtaa mzima, anatulia. Imepotea. Itarudi.

Wacha niseme bila kuzunguka: stima haipotei. Msimu wa mvua, mara nyingi kuna tawi limelala kwa waya mahali fulani, na hilo tawi halikukua usiku mmoja. Lilichukua miaka kufika hapo. Mwenye shamba alikuwa analiona. Jirani alikuwa analiona. Chifu, MCA, mtu wa kusoma mita, vijana wa boda wanaoegesha chini yake, wote walikuwa wanaliona. Kitu kinachokuja polepole hivyo mbele ya macho ya watu wote si ajali. Ni deni ambalo kila mtu amekataa kulipa, akingoja upepo uje uamue.

Wengi hudhani shida ni mti kuanguka na kuvunja nguzo. Hiyo ni sehemu tu. Waya nyingi zinazopita juu ya mashamba yetu hazina kifuniko chochote, ni chuma tupu. Zile kubwa ni za kilovolti 11 au 33. Zile zinazotoka kwa transfoma kuja mtaani ni volti 415, na kwako nyumbani unapata 240. Kinachokukinga ni hewa, yaani ile nafasi kati ya waya na kitu kingine chochote. Sasa tawi bichi, limelowa maji, likifika pale, kinga imekwisha. Stima inapitia kwa mti kwenda ardhini, au waya mbili zinasukumwa na upepo zinagusana, cheche zinaruka, fyuzi inakatika. Upepo ukitulia, tawi linarudi mahali pake kama halijafanya kitu. Ndiyo maana mafundi wanaweza kuzunguka na tochi masaa mengi wakitafuta mahali pa shida. Mhalifu amesharudi kwa foleni, anaonekana msafi kabisa.

Na zile siku stima inaenda na kurudi, inaenda na kurudi mpaka friji inaanza kunguruma vibaya? Hapo pia shuku tawi.

Kama unaona haya ni mambo ya kijijini, sikiza. Tarehe 14 Agosti 2003, kule Ohio, Marekani, laini kubwa zilipata joto kwa sababu ya mzigo, zikalegea, zikashuka mpaka zikagusa miti iliyoachwa ikarefuka chini yake. Laini moja ikajizima, mzigo ukahamia nyingine, hiyo nayo ikashindwa. Kufikia jioni watu kama milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa gizani, New York ikiwemo. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Septemba, laini ilipiga mti huko Uswisi na karibu Italia yote ikazima. Wamarekani hawakusema ni mapenzi ya Mungu. Waliweka kanuni za lazima: kampuni yenye laini kubwa ikizembea kupunguza miti, faini inaweza kuzidi dola milioni moja kwa siku.

Sisi je? Tarehe 7 Juni 2016 nchi yetu nzima ilizimwa na tumbili mmoja aliyeangukia transfoma pale Gitaru. Tulicheka wiki nzima. Lakini somo lilikuwa hapo: kitu kidogo kikigusa mahali pabaya, wakubwa kwa wadogo wanakaa giza. Tumbili angalau ana kisingizio, ni mnyama na hakuna aliyejua atapita wapi. Mti umesimama mahali pamoja miaka kumi. Utasema hukujua utapita wapi?

Sasa nifike mahali ambapo sicheki.

Mnajua vile tunavyotatua hii shida mashambani. Mzee anaona mwembe umefika kwa waya. Anaogopa kupiga simu, au alishapiga akachoka kungoja. Anamwita kijana wa hapo jirani, anampa mia tano na panga. Kijana anavua viatu, anapanda. Hakuna aliyezima laini. Hana kamba, hana glavu, hana mtu chini anayejua afanye nini mambo yakiharibika. Na si lazima aguse waya kwa mkono. Tawi analolikata likiangukia waya huku yeye ameshika shina lililolowa, yeye ndiye njia ya kwenda ardhini. Kwa kilovolti 11 hakuna "nilipigwa shoti kidogo." Halafu kwa matanga tutasema alikuwa kijana mchapakazi, Mungu alimpenda zaidi. Hapana. Sisi ndio tulimtuma mahali ambapo fundi aliyesomea kazi haendi kabla laini haijazimwa.

Na kuna waya ikishakatika. Watu wanaamini waya iliyoanguka chini imekufa. Si lazima. Ikiangukia udongo mkavu, lami au majani, stima inayovuja inaweza kuwa ndogo mno kiasi kwamba fyuzi haikatiki, na ile waya inalala pale kimya, iko hai. Mtoto anayetumwa maziwa asubuhi haoni tofauti kati yake na kamba ya ng'ombe. Kwa hivyo hata kama hutasoma kitu kingine hapa, shika hii: ukiona waya chini, kaa mbali kabisa, angalau mita 10. Usiisogeze kwa fimbo. Zuia watu wengine wasipite. Piga Kenya Power kwa 97771 au tumia *977#. Ukijipata tayari uko karibu nayo, usipige hatua ndefu. Toka kwa kuburuta miguu ikiwa pamoja, maana ardhi yenyewe inaweza kuwa na stima, na hatua ndefu ndiyo inayoipitisha mwilini.

Nani alaumiwe? Kila mtu ananyooshea mwingine kidole, kwa hivyo wacha tuwapange foleni.

Kwanza ni wenye laini. Kulinda njia ya waya ni sehemu ya biashara ya kuuza stima, si hisani. Bei tunayolipa kwa kila yuniti inaidhinishwa na EPRA, na ndani yake kuna gharama za kutunza mtandao. Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mwenye leseni kumpa mwenye shamba notisi mti wake ukiingilia laini. Kwa hivyo uwezo upo, na kazi yenyewe inajulikana. Tunaona hata zile notisi za kuzimiwa stima mchana, sababu ikiwa ni kukata miti. Sawa, sina neno na hizo. Afadhali unizimie Jumanne saa tatu nikijua kuliko Ijumaa usiku bila habari. Ninachouliza ni mpangilio. Mvua zetu kubwa ni Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Hazijawahi kuwa siri. Kazi ya matawi inafaa iishe Februari, na nyingine iishe Septemba. Ukituma lori na msumeno mwezi wa nne watu wakiwa gizani, huko si kutunza laini. Huko ni kuzika maiti.

Na mkija, mkate vizuri. Kuna ile staili ya kukata mti kichwa, katikati ya shina, mnaacha kisiki kinachofanana na mswaki mzee. Fundi wa miti atakwambia matokeo yake: mti unatoa machipukizi mengi, yanakimbia juu haraka, na yameshikilia shina kwa udhaifu kuliko tawi la kwanza. Baada ya misimu michache uko pale pale, na mbaya zaidi. Kupogoa ni kuchagua tawi linaloelekea kwa waya na kulikata pale linapotokea kwa tawi kubwa, ili mti uelekeze nguvu upande mwingine. Na mbebe matawi yenu. Si haki kumwachia shosho wa watu lundo la matawi mlangoni na mfereji umezibwa.

Pili, kaunti. Hapa kuna watu wanajificha nyuma ya nguzo. Katiba ya 2010, kwa Ratiba ya Nne, inaitaja kaunti moja kwa moja kwa usambazaji wa umeme na gesi kwa wananchi. Mijini mnatuuliza kibali mtu akitaka kukata mti. Vizuri sana, miti ilindwe. Lakini kama unajua kumwitisha mtu kibali, basi pia unajua miti yako ya kando ya barabara iko wapi na ipi imeegemea waya. Ile mijakaranda tunayoipiga picha ikichanua ni mali ya umma. Shida zake pia ni za umma.

Tatu ni sisi wenye mashamba, na hapa nitakosana na wazazi wengi. Mikaratusi, wengine mnaiita blugamu, mnaipanda kwa mstari chini ya laini kabisa kwa sababu ati hapo hakuna kitu kingine kinachofanya. Ule mti ukiwa mchanga kwa udongo mzuri unaweza kuongeza mita mbili tatu kwa mwaka, na ukikomaa unapita mita 30. Unajua vizuri nguzo haifiki hapo. Ukiambiwa ukate, unaleta maneno ya fidia. Na kichekesho ni kwamba nguzo nyingi za mbao zinazobeba hizo waya ni mikaratusi pia. Mti mmoja umebeba stima, ndugu yake anaikata, na wewe unawauza wote wawili.

Chini ya laini panda vitu vifupi: mboga, nepia, majani chai, kahawa, ndimu. Mti mrefu uupande mbali kiasi kwamba hata ukianguka wote mzima, haufiki kwa waya. Hesabu ni hiyo tu, haihitaji afisa.

Najua kuna mtu tayari amekasirika: "Nchi inataka miti, wewe unataka tuikate." Serikali ina mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi likizo ya kupanda. Mimi naunga mkono. Lakini kwa zile hotuba zote, ni nani aliwaambia watu watazame juu kabla ya kuchimba shimo? Mche unaoupanda leo chini ya waya ni mti utakaokatwa kichwa miaka sita ijayo. Hujapanda msitu, umepanda ugomvi. Anayependa mti kweli anauchagulia mahali pa kuzeekea.

Na kama unataka ushahidi kwamba kupogoa na kupenda mazingira vinakaa nyumba moja, nenda Diani. Kule mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, walikuwa wanakufa kwa kupigwa na stima wakitoka kwa matawi wakidandia waya. Watu wa Colobus Conservation hawakusema miti yote ing'olewe, wala hawakusema waya ziachwe hivyo. Wanapogoa matawi yaliyo karibu na laini, wanashirikiana na Kenya Power kufunika waya mahali pa hatari, na wameweka madaraja ya kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke. Watetezi wa wanyama ndio wanaoshika msumeno. Wewe unayetetea tawi moja la mparachichi kwa kulia mazingira, unamtetea nani?

Mwingine atasema dawa ni kufukia waya zote chini. Kwa miji mikubwa, sawa, tuanze. Lakini gharama yake ni mara kadhaa ya waya za juu, na kwa vijiji vya Kisii au Nyeri vilivyopata stima juzi tu, hiyo ni ndoto ya kutuchelewesha. Msumeno uko leo.

Kwa hivyo, madai yangu ni mafupi. Ratiba ya kupogoa itolewe kwa kila wadi, ibandikwe kwa chifu na sokoni, kabla ya kila msimu wa mvua. EPRA iulize ratiba hiyo ilifuatwa au la, na majibu tuyaone. Kaunti ihesabu miti yake iliyo kwa waya na iseme itaipogoa lini. Mwenye shamba akiripoti tawi, apewe namba na tarehe, si "tutakuja." Na mtu yeyote atakayemtuma kijana wa watu apande mti ulio kwa laini hai, tumuite jina lake: anacheza na maisha ya mtoto wa mwenzake kwa mia tano.

Kabla hujalala leo, toka nje utazame juu. Fuata waya kutoka kwa nyumba yako mpaka kwa transfoma. Ukiona tawi limekaribia, piga picha, ripoti, weka namba ya ripoti. Wiki ikiisha bila jibu, ripoti tena na umwambie jirani naye aripoti. Halafu mvua ikija na mtaa ukizima, usiniambie stima imepotea. Niambie ni tawi gani, na ni nani alikuwa anajua.