Upande wa pili wa mwezi siyo wa giza, na Wachina wanalijua hilo

Leo tuache kidogo siasa na mpira, tuangalie juu.

Tarehe 25 Juni 2024 chombo cha China, Chang'e 6, kilirudi duniani na gramu 1,935.3 za udongo na vijiwe kutoka upande wa mwezi ambao sisi hatuuoni. Haikuwahi kutokea kabla. Hapa Mafiga swali nililolisikia sana ni hili: "Wametuaje kule gizani?" Mimi siyo mtaalamu, nimeishia sekondari tu, lakini swali lenyewe limesimama juu ya kitu ambacho hakipo.

Kwanza, je, mwezi unajizungusha? Wengi wanasema hapana, kwa sababu tunaona sura ile ile miaka yote. Fanya jaribio hili uani. Weka mafiga matatu, bandika sufuria. Simama mahali ambapo ukiitazama sufuria, mbele yako unaiona pia milima ya Uluguru. Sasa zunguka jiko polepole bila kuacha kuitazama sufuria. Ukifika upande wa pili, Uluguru iko mgongoni kwako! Macho hayajatoka kwenye sufuria, lakini mwili umegeuka. Ukirudi ulipoanzia, mwili umejizungusha mara moja kamili.

Mwezi nao ni hivyo hivyo. Unajizungusha mara moja kwa siku 27.3, na muda huo huo ndio unaotumia kuizunguka dunia. Nguvu ya uvutano ya dunia iliupunguza mwendo taratibu mpaka mizunguko miwili ikalingana.

Pili, hilo giza. Sisi wa Mafiga tunaiona Uluguru kwa upande mmoja tu. Nyuma ya milima kuna Matombo. Hatuioni, lakini nani kakwambia Matombo ni gizani? Jua la asubuhi linawafikia wao kabla halijavuka mlima kuja kwetu. Na upande wa pili wa mwezi una jua lake: karibu kila sehemu inapata mchana wa wiki mbili hivi, halafu usiku wa wiki mbili.

Tena sikilizeni hii. Siku zile mwezi umepotea kabisa kwetu, watu wanasubiri mwandamo wa Ramadhani au Idi, upande ule ndio uko mchana kweupe. Chukua kalenda uhakikishe. Chang'e 4, chombo cha kwanza kutua upande ule salama, kilitua tarehe 3 Januari 2019, siku tatu kabla mwezi haujapotea kwetu. Chang'e 6 kilitua tarehe 2 Juni 2024, siku nne kabla. Vyote vinatumia umeme wa jua. Hapo hamna bahati nasibu, jamaa walilifuata jua! Hata Wasovieti, waliopiga picha za kwanza za upande huo kwa chombo cha Luna 3 tarehe 7 Oktoba 1959, walipiga siku tano tu baada ya mwezi mpya, mwanga kule ukiwa bado mwingi.

Na kama ni weusi, wenye weusi ni sisi. Yale madoa meusi tunayoyaona ni lava ya zamani iliyoganda. Yamefunika takribani asilimia 30 ya upande wetu, kule hayazidi asilimia 2 hivi.

Shida ya kule ni mawasiliano. Mwezi wenyewe unayazuia mawimbi ya redio. Watu wa Morogoro hili hatuhitaji kufundishwa, ukiingia nyuma ya mlima mtandao unakata, ndiyo maana kuna minara kule juu Bondwa. China nao waliweka "mnara" wao angani, setilaiti ya Queqiao-2, mwezi Machi 2024. Ukimya huo huo una thamani yake, maana wanasayansi wanataka kuweka darubini za redio kule, mahali ambapo kelele za redio za dunia hazifiki.

Sasa sisi inatuhusu nini? Mkataba wa mwaka 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kuufanya mwezi kuwa mali yake. Lakini haukusema wazi nani achimbe nini na kwa masharti gani. Marekani ina makubaliano yake ya Artemis tangu 2020, Rwanda na Nigeria zilisaini Desemba 2022. China na Urusi wana mpango wao wa kujenga kituo. Yaani kanuni zinatungwa na majirani zetu wameshakaa mezani. Kijana anayeamini kwamba kule ni gizani anabaki kubishana kama Wachina walitua kweli, wakati swali lenye maana ni kile walichokibeba ni cha nani, na kesho nani ataruhusiwa kubeba zaidi.

Ndio wasiwasi wangu huo. Uongo kuhusu mwezi haumuumizi mtu siku hiyo hiyo, ila unamtoa kwenye mazungumzo bila yeye kujua.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mwenye kupinga apinge hapo chini, ila kwanza akazunguke hilo jiko.