Staringi mwenye usonji: kwani lazima awe jiniasi?

Wasee, wengi wenu mmetazama The Good Doctor. Ilianza 2017, ikaisha 2024, na yule chali daktari, Shaun Murphy, ana usonji. Utani unampita, kelele inamchanganya, lakini akiingia kwa chumba cha upasuaji anaona vitu madaktari wengine hawaoni. Na kama wewe ni wa mambo za Korea Kusini, 2022 ulipatana na Woo Young-woo, wakili mwenye usonji ambaye sheria zimejaa kwa kichwa.

Muvi fiti. Sasa toka kwa skrini twende hapa Meru, soko ya Gakoromone.

Kuna mathe anauza mitumba hapo. Mtoi wake ana miaka nane na haongei. Matatu ikipiga honi anaziba masikio, analia mpaka anajitupa chini. Juzi kastama mmoja akamuuliza, "Mama, na huyu wako ni mkali wa nini? Hesabu ama piano?" Hakuwa na ubaya, ni vile alikuwa ameona muvi. Mathe akanyamaza, akaendelea kukunja nguo. Nilikuwa hapo nachagua shati, na hilo swali bado linanikwaruza.

Cheki lilikotoka. Mwaka wa 1988 Hollywood ilitoa Rain Man. Dustin Hoffman aliigiza Raymond, msee mwenye usonji anayehesabu karata hadi kasino inaumia. Muvi ikabeba Oscar nne. Kichekesho ni kwamba Kim Peek, jamaa wa Marekani aliyewapa wazo la huyo mhusika, baadaye ilisemekana hata hakuwa na usonji. Lakini mchoro ulikuwa umeshachorwa, na waandishi wamekuwa wakiufuatisha tangu hiyo siku.

Ukweli ni upi? Usonji si ugonjwa wa kuambukizwa na si laana. Mtu huzaliwa nao, ni vile ubongo wake umejengwa. Kuna wanaoongea bila breki na kuna wasiotamka neno. Kuna watakaojitegemea na kuna watakaohitaji mtu kando yao maisha yote. Majiniasi wako, lakini ni wachache, kama tu vile ni wachache kwa mbogi yako.

Najua utasema: si afadhali aitwe jiniasi kuliko chizi? Point. Kuna wasee walijua neno usonji kupitia hizo sirizi, na hiyo si kitu kidogo mahali bado watu wananong'ona ati mama alirogwa. Lakini angalia vizuri. Mwenye kusema uchawi na mwenye kusema jiniasi, wote wawili hawamwoni mtoi. Mmoja anamwogopa, mwingine anangoja maajabu. Na maajabu yasipokuja, mathe anaonekana kama ndiye ameharibu.

Hapa Meru tunajua Kaaga kuna shule ya viziwi, na Igoji kuna St. Lucy's ya wasioona. Usonji nao hauonekani kwa macho, kwa hivyo mtoi anachapwa ati ni mtundu, ama anafichwa kwa keja. Na vituo vya EARC vya kupima watoto wenye mahitaji maalum vimekuwa Kenya tangu 1984. Muulize jirani yako kama amewahi kuvisikia. Shaun Murphy anamjua.

Halafu tuje kwa vichekesho vyetu. Msee akiwa tofauti, anapewa suruali fupi na jina la zuzu, tunacheka. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa bila kudhalilishwa. Waandishi wa skripti, hiyo inawahusu.

Inawezekana kufanywa poa. Kwa Heartbreak High ya Australia, 2022, Quinni ameigizwa na Chloé Hayden, ambaye mwenyewe ana usonji. Quinni ana marafiki, anapenda, anakosana na dem wake, anachoka na kelele. Hakuna mtu anangoja afanye upasuaji.

Sasa hebu fikiria staringi wetu. Chali wa Maua, miaka 19, anafunga miraa na buda yake. Hapendi kuguswa, anakula chakula kile kile kila siku, na gari likichelewa siku yake imeharibika. Hana kipaji cha ajabu. Ana crush, ana hasira, ana stori. DJ Afro akimtafsiri kwa kibanda cha Makutano, si tutakaa mpaka mwisho?

Mimi nitakaa. Na ukipita Gakoromone upatane na yule mathe, usiulize mtoi ni mkali wa nini. Uliza anaitwa nani.