Rakaa Mbili za Tulaytula



Wasomaji wapenzi, wanazuoni wa lugha ya Kiarabu hulihusisha neno safar, ambalo ndilo asili ya neno letu safari, na maana ya kufunua. Kwani safari hufunua tabia za watu. Wiki hii napenda kuwasimulia safari ya siku mbili iliyotufunua sisi marafiki watatu.

Mimi na ustadhi mmoja tuliyesoma naye chuoni Tanga tulikuwa na shughuli fupi Madrid, mji mkuu wa Hispania. Huko anaishi mwenzetu wa tatu, tuliyekalia naye jamvi moja utotoni. Ana miaka 14 hajatia mguu nyumbani. Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga mama yake. Bibi yule alinipokea katika nyumba aliyojengewa na mwanawe, nyumba ya vyumba vinne, yenye marumaru sakafuni na tangi la maji uani. Akanipa ujumbe mmoja tu: "Mwambie nyumba nimeiona, alhamdulillahi. Yeye ndiye sijamwona."

Nilifika na ujumbe ule, nikashindwa kuutoa. Mwenyeji wetu alitupokea kwa furaha kubwa mno hata nikaona haya kumtia simanzi. Siku ya Jumamosi akatupandisha garimoshi, na baada ya nusu saa hivi tukashuka Toledo, mji ambao Waislamu waliuita Tulaytula.

Mji huu umejengwa juu ya kilima cha mwamba, na Mto Tajo umeuzunguka pande tatu. Vichochoro vyake ni vyembamba na vya kupanda, kiasi kwamba ustadhi alisema amekumbuka Mji Mkongwe wa Unguja, isipokuwa Unguja haimchoshi mtu magoti. Tariq bin Ziyad aliuingia mwaka 711. Katika karne ya 11 aliishi hapa al-Zarqali, bingwa wa elimu ya nyota na mtengenezaji wa vyombo vya kupimia mwendo wake. Mwaka 1085 mji ulichukuliwa na Mfalme Alfonso wa Sita, lakini vitabu vya Kiarabu vilibaki. Na katika karne iliyofuata wanazuoni wa Ulaya walimiminika hapa kuvifasiri kwa Kilatini. Mmoja wao, Gerard wa Cremona, ndiye aliyekifasiri kitabu cha Ibn Sina cha utabibu, ambacho vyuo vya Ulaya vilikisomesha kwa karne nyingi.

Tulichokwenda kukitazama hasa ni msikiti mdogo ulio karibu na lango la Bab al-Mardum. Kila upande wake ni yapata mita 8 tu. Ndani mna nguzo nne zinazobeba matao, na juu yake vikuba tisa, kila kimoja kikiwa na nakshi yake, hakuna kinachofanana na kingine. Ukutani, kwa nje, matofali yamepangwa yakawa herufi za Kufi. Ustadhi aliyasoma maneno yale polepole, akisaidiwa na kijitabu tulichonunua: kwamba Ahmad bin Hadidi aliujenga msikiti huu kwa mali yake mwenyewe akitaraji thawabu za Mwenyezi Mungu, na kwamba ulikamilika Muharram mwaka 390 Hijria, yaani mwishoni mwa mwaka 999 Miladia. Katika karne ya 12 uligeuzwa kanisa. Leo ni jengo la kutazamwa na wageni waliokata tiketi.

Mwenyeji wetu alisimama chini ya vikuba vile kwa muda mrefu. Kisha akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe: "Jengo limetimia kila kitu. Hakuna wa kuadhini tu." Nikakumbuka marumaru ya Tanga, nikanyamaza.

Tuliporudi katika nyumba ya wageni, ustadhi alituswalisha Adhuhuri. Sisi wawili tulikuwa wasafiri, hivyo akaswali rakaa mbili na kutoa salamu. Mwenzetu ni mkazi wa Madrid, na kutoka huko hadi Toledo ni kama kilomita 70 tu, umbali usiofikia wa kufupisha swala. Akainuka peke yake kukamilisha nne. Tulikaa kimya nyuma yake, tukisubiri.

Alipomaliza, hakuondoka kwenye mswala. Akauliza: "Ustadhi, nikienda Tanga kwa mama kwa siku tatu, nitaswali ngapi?"

Ustadhi akajibu kwa upole: "Kwa madhehebu yetu ya Shafi, maskani yako ni huku. Kwa siku tatu, kule wewe ni msafiri. Utafupisha ukitaka."

"Nifupishe mlangoni kwa mama yangu?"

Hapo ndipo nilipomfikishia ujumbe, neno kwa neno. Akainamisha kichwa. Akatueleza kwamba kila mwaka alikuwa akikadiria nauli, kisha akiona ni heri fedha ile iezeke paa, au iweke madirisha. Hakuwa akimkimbia mama yake, alikuwa akimjengea. Miaka ikapita baina ya tofali na tofali.

Baada ya kitambo akamgeukia ustadhi: "Ni siku ngapi ndipo mtu akamilishe?"

"Ukinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka."

"Basi nitanuia mwezi," akasema.

Nimeandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi katika pwani yetu zimejengwa kwa jasho la watoto walio Ulaya, Marekani na Ghuba. Jasho hilo lina heshima na lina malipo kwa Mola. Wala si kila aliye mbali amesahau. Wengine wamefungwa na karatasi, wengine na nauli. Lakini wewe ambaye njia ipo, usidhani paa jipya limekusemea. Na ninyi wazazi, msione haya kumwambia mtoto kwamba mnamhitaji yeye kabla ya dirisha la alumini. Mama yule alinyamaza miaka 14 akichelea kuwa mzigo.

Juma lililopita mwenzetu alinitumia picha ya tiketi. Chini yake ameandika maneno mawili: "Rakaa nne."

Mwenyezi Mungu awakutanishe salama, na atukutanishe sote na wazazi wetu tukiwa na uhai na radhi zao. Amin.