Anayekataa Dawa Alindwe

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli. Tangu mashindano hayo yaanze, ilikuwa mara ya kwanza kufanywa katika ardhi ya Afrika. Mwaka mmoja kabla yake kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, alishinda siku 3 za mbio za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani, naye ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata siku moja ya mbio zile. Sisi tuliyapokea mambo hayo kwa furaha kubwa, wala hatuoni haya kusema hivyo.

Lakini furaha isitufumbe macho. Vijana wa Afrika sasa wanaitwa Ulaya, na huko baiskeli si mchezo wa jioni baada ya shule. Ni kazi ya mshahara, yenye bwana na mkataba. Mtu anayekwenda kufanya kazi katika nyumba ya watu yampasa aijue nyumba hiyo kabla ya kuingia. Nyumba hii ina ugonjwa wa zamani, nao ni dawa za kuongeza nguvu.

Hebu tuanze na Mwafrika mwenzetu. Mwaka 1950 Abdel-Kader Zaaf wa Algeria, nchi iliyokuwa bado chini ya Wafaransa, alishindana katika Tour kwa timu ya Afrika ya Kaskazini. Siku ya joto kali, kati ya Perpignan na Nîmes, alikuwa mbele ya wote pamoja na mwenzake, kisha nguvu zikamwisha, akaanguka kando ya barabara. Alipozinduka alipanda baiskeli na kuelekea kule alikotoka. Watu wakacheka: ati Mwislamu amelewa mvinyo! Baadaye ilielezwa kwamba mvinyo ule alimwagiwa na watu wa mashamba ya mizabibu ili apate fahamu, na wenye kujua mambo ya mbio walishuku vidonge vya amfetamini, vilivyokuwa vikimezwa sana siku zile. Dhihaka ilibaki juu ya Zaaf miaka mingi. Waliokuwa wakiviuza vidonge hivyo hawakuguswa.

Wala tusidhani kwamba ni Mwafrika tu aliyeumia. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, alianguka akipanda mlima Ventoux katika jua kali. Akasaidiwa kurudi juu ya baiskeli, akaanguka tena, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 29. Mwilini mwake walikuta amfetamini na pombe, na katika mifuko ya jezi yake mlikuwa na vichupa vya vidonge. Vidonge vile humnyima mtu habari ya mwili wake mwenyewe: moyo unalia na yeye hausikii.

Sasa wako wanaosema: wapimwe tu, mambo yatakwisha. Sisi twakubali kabisa kwamba kupima ni lazima. Lakini tuangalie kipimo kimefanya nini mpaka leo. Mwaka 1998 ulipofichuka uovu wa timu ya Festina, haukufichuliwa na mkojo wala damu. Watu wa forodha, karibu na mpaka wa Ubelgiji, walisimamisha gari la timu wakakuta mamia ya dozi, pamoja na EPO, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wenye upungufu wa damu, hasa wenye figo mbovu. Dawa hiyo huzidisha chembe nyekundu za damu. Damu ikizidi kuwa nzito, moyo huisukuma kwa taabu. Wakati ule hakikuwapo kipimo cha kuikamata. Na jambo la kuchukiza zaidi ni hili: fedha za kununulia dawa hizo zilikatwa katika zawadi walizoshinda waendesha baiskeli wenyewe. Yaani mfanyakazi alilipia kwa jasho lake sumu aliyochomwa.

Lance Armstrong wa Marekani naye alishinda Tour mara 7, kuanzia mwaka 1999 hadi 2005, na katika miaka yote hiyo alijisifu kwamba amepimwa mara nyingi bila kukamatwa. Aliangushwa mwaka 2012, baada ya wenzake 11 wa zamani kutoa ushahidi. Akanyang'anywa ushindi wote 7, na mwezi wa Januari 2013 alikiri mwenyewe mbele ya dunia. Huko nyuma, mwaka 2002 na mwaka 2005, alikuwa amekipa chama cha dunia cha baiskeli, UCI, zaidi ya dola 100,000, ati zisaidie vita dhidi ya dawa! Tume iliyochunguza mambo hayo ilisema mwaka 2015 kwamba viongozi wa chama hicho walimpendelea. Wazee wetu walisema zamani: kesi ya nyani usimpelekee ngedere.

Basi ndugu, tujifunze nini? Tujifunze kwamba mara nyingi ukweli umeletwa na watu waliosema. Kwa hiyo twauliza: mwenye kusema, na mwenye kukataa, analindwa na nani?

Jibu la swali hilo linatia uchungu, hasa kwetu sisi tunaoamini umoja wa wafanyakazi. Mwaka 1966 madaktari walipokuja kupima kwa mara ya kwanza katika Tour, siku ya pili yake waendesha baiskeli walishuka wakasukuma baiskeli zao kwa miguu, kupinga kupimwa. Mwaka 1998 polisi walipopekua mahoteli, waliketi barabarani, na siku nyingine wakang'oa namba zao. Kumbe umoja walikuwa nao! Lakini mwaka 1999 alikuwapo Mfaransa mmoja, Christophe Bassons. Aliwahi kuwa katika timu ya Festina, na wenzake wenyewe walishuhudia kwamba yeye alikataa dawa. Akaandika katika gazeti kwamba mbio bado zina dawa. Wenzake wakamtenga, Armstrong akamwendea katikati ya mbio akamwambia aondoke. Akaondoka kabla ya kufika Paris. Kwa ajili yake hakuna aliyeshuka katika baiskeli.

Umoja wa namna hiyo ni umoja wa kumficha bwana. Mgomo ni silaha ya mnyonge, nasi hatutausema vibaya, lakini yafaa tuuliize mgomo unamtetea nani. Walipogoma kupinga kipimo, aliyenufaika ni daktari mwenye sindano na tajiri mwenye timu, maana kazi yao iliendelea gizani.

Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Shirika la dunia la kupambana na dawa, WADA, lilianzishwa mwaka 1999. Tangu mwaka 2008 damu ya kila mwendesha baiskeli mkubwa huandikwa na kulinganishwa mwaka hadi mwaka, na tangu mwaka 2021 kazi ya kupima imetolewa mikononi mwa UCI na kupewa shirika la pekee, ITA. Johan Bruyneel, aliyekuwa meneja wa Armstrong, alifungiwa maisha mwaka 2018. Hayo ni mema, nasi twayasifu. Lakini hesabuni wenyewe: Armstrong aliadhibiwa mwaka 2012, na hukumu ya mwisho ya meneja wake ilichukua miaka 6 zaidi.

Wako pia wanaosema: kila mtu aruhusiwe kutumia dawa, ili wote wawe sawa. Sawa gani hiyo? Tajiri atanunua dawa bora na daktari bora wa kumwangalia usiku na mchana. Kijana aliyetoka Asmara au Kigali, asiye na jamaa kule, atachomwa makombo katika chumba cha hoteli. Huo utakuwa ukoloni ndani ya mishipa ya damu.

Kwa hiyo sisi twasema hivi. Kwanza, kijana akiitwa nje, mkataba wake usomwe kwa lugha anayoifahamu, na nakala ibaki kwa chama chake cha baiskeli nyumbani. Mkataba huo uandikwe wazi kwamba hatafukuzwa wala kukatwa mshahara kwa sababu amekataa sindano au kidonge asichokijua. Pili, kijana akikamatwa, daktari, meneja na mwenye timu wachunguzwe siku hiyo hiyo, si baada ya miaka. Hatusemi kijana aachwe. Mtu mzima atawajibika kwa alichomeza. Twasema asiwajibike peke yake. Tatu, vyama vya michezo vya nchi zetu viwe na mtu ambaye kijana aweza kumwendea usiku wa manane akasema, nimeambiwa nichomwe, nifanyeje, na mtu huyo asiwe anakula mshahara wa timu.

Na sisi wenyewe tujisahihishe. Wakimbiaji wengi wa Kenya wamefungiwa kwa ajili ya dawa, na Kenya si mbali. Kila kijana anaporudi na medali tunampigia ngoma, na anaporudi mikono mitupu hatumwulizi hata hali. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukimfundisha kijana kwamba heshima yake yote imo katika kushinda, atakayemwuzia ushindi ndani ya kichupa atampata kwa urahisi. Kasumba ya kwanza tunaitia sisi wenyewe, kabla hajaonana na daktari wa Ulaya.

Siku ile Kigali ilipojaa watu barabarani, watoto walisimama kuwaangalia mabingwa wakipita, na bila shaka wako walioazimia kuwa kama wao. Mmoja wao ataitwa. Naye akifika kule, akaambiwa anyoshe mkono, akasema hapana, na ajue kwamba nyuma yake wako watu watakaosimama pamoja naye. Kazi ya kuwaandaa watu hao ni yetu, na ianze sasa katika kila klabu na kila tawi.