Ukimwambia Mwenzio Vumilia



Hapana nyumba ambayo neno “vumilia” halitamkwi. Huambiwa kijana aliyeshindwa mtihani, huambiwa mke aliyeelemewa, huambiwa baba ambaye nyumba yake imekwama kwenye lenta. Neno hilo ni jema. Lakini je, yeye anayelitamka ana wajibu gani? Nakuomba tusafiri kwa fikra mpaka visiwa vya Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki, tukalitafute jibu.

Kati ya visiwa vya Molokai na Oahu upo mlango wa bahari uitwao Kaiwi. Mwaka 1997 yalianzishwa huko mashindano ya kuuvuka kwa ubao, mwendo wa maili 32, yaani kilometa 52 hivi. Wako wanaosimama juu ya ubao na kupiga kasia, na wako wanaolala kifudifudi au kupiga magoti, wakiyasukuma maji kwa mikono mitupu. Jamie Mitchell wa Australia alishinda kwa namna hii ya pili mara 10 mfululizo, tangu 2002 hadi 2011. Mwaka 2007 alitumia saa 4 na dakika 48. Naam, bingwa huyo alichota maji kwa viganja karibu saa 5!

Upepo ukivuma kutoka nyuma, wimbi humbeba mshindani na kumpumzisha kidogo. Ukitulia, ubao huwa mzito kama gogo. Jua humchoma, chumvi humwasha, misuli hukakamaa, tumbo huchafuka. Na taabu kubwa humngoja karibu na mwisho. Chini ya majabali ya Oahu mawimbi hugonga mwamba na kurudi, yakiuyumbisha ubao huku na huku; na akikata kona kuingia ghuba ya Maunalua, hukutana na upepo wa omo. Nyumba za watu anaziona, lakini hafiki. Ndivyo yalivyo mambo mengi ya maisha: hatua za mwisho ndizo ndefu.

Hata hivyo, msomaji mpenzi, ipo kanuni moja ambayo watazamaji huisahau. Kila mshindani sharti awe na mashua ya kumsindikiza. Mashua hiyo haimvuti wala haimpunguzii safari. Ipo ili kumwangalia, kumpa maji, na kumwokoa akizidiwa.

Bahari hiyo haina mzaha. Machi 1978, chombo cha matanga kiitwacho Hokule‘a, kilichoundwa kwa mfano wa vyombo vya kale vya Wapolinesia, kilipinduka kusini ya Molokai kikiwa safarini kwenda Tahiti. Hakikuwa na chombo cha kukisindikiza. Eddie Aikau, mlinzi wa waogeleaji aliyesifika kwa ushujaa, alichukua ubao wake akaenda peke yake kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa baadaye; yeye hakuonekana tena. Ushujaa haukumpungukia hata chembe. Wenzake hawakuiacha safari. Walijifunza upya, na mwaka 1980 Hokule‘a ilikwenda Tahiti na kurudi, Nainoa Thompson akiiongoza kwa nyota na mawimbi. Safari hiyo kilikuwapo chombo kilichowafuata nyuma.

Basi tujiulize. Tunapomwambia binti yetu avumilie katika ndoa yenye dhiki, je, tunakwenda kumtazama? Akizidiwa, tutampandisha chomboni au tutamrudisha majini kwa kuogopa aibu? Kijana anayerudia mtihani, nani anakaa naye usiku akimshikia taa? Kumhimiza mtu kutoka ufukweni ni rahisi, maana miguu yetu imekauka.

Mvumilivu hula mbivu, walisema wazee wetu. Nasi tuongeze kwamba asindikizwe mpaka zitakapoiva. Ukimwambia mwenzio “vumilia,” ingia mashuani.