Bibi Kashtakiwa, Bosi Kasamehewa

Mon amemaliza chuo na amepata kazi mjini Bangkok, lakini si mshahara uliomvuta. Mwenye kampuni ni Sam, mwanamke anayemzidi umri kwa miaka minane, na Mon amekuwa akimhusudu tangu utotoni, tangu siku Sam alipomwonyesha wema akiwa bado mtoto mdogo. Miaka yote hiyo ameishi na kumbukumbu ya siku ile. Sasa anaripoti kazini na kumkuta mtu mwingine kabisa: bosi mkavu, mkali, asiyejua mzaha, ambaye akikatiza tu ofisini kila mtu anajifanya ana shughuli, kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu wa zamu.

Hapo ndipo inapoanzia GAP, tamthilia ya Thailand yenye vipindi 12 iliyorushwa na Channel 3 usiku wa Jumamosi, kuanzia 19 Novemba 2022 hadi 11 Februari 2023. Iliandaliwa na kampuni ya Idol Factory kutokana na riwaya ya mwandishi anayetumia jina la Chao Planoy. Freen Sarocha Chankimha ndiye Sam, na Becky Armstrong ndiye Mon. Kila kipindi kiliwekwa pia YouTube kikiwa kimekatwa vipande vinne, na maandishi ya tafsiri chini ya picha, ndiyo maana mashabiki wake wametapakaa mbali sana na Bangkok.

Sifa yake kubwa inajulikana. Thailand ilikwisha kuzoea tamthilia za wanaume wawili wanaopendana. SOTUS ya 2016 na 2gether ya 2020 zilivuma Asia nzima. Wanawake wanaopendana walikuwa wakipewa nafasi ya pembeni, dakika mbili tatu za kupumzisha hadithi kuu. GAP iliwaketisha wawili hao kwenye kiti cha steringi tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, na milango ikafunguka: mwaka 2024 pekee zilifuata 23.5 na The Secret of Us. Kipindi cha mwisho kinamalizika kwa harusi ya Sam na Mon, karibu miaka miwili kabla ya sheria ya ndoa za jinsia moja kuanza kutumika Thailand, tarehe 23 Januari 2025.

Historia hiyo ni haki yake na hakuna wa kuinyang'anya. Tatizo ni kwamba sifa za historia zimewafanya wengi wasiitazame GAP kwa kile inachojinadi kuwa, yaani hadithi ya mapenzi ya ofisini. Kwa upande huo ni tamthilia ya ajabu. Inayaona madaraka ya nyumbani kwa jicho kali mno, na madaraka ya kazini haiyaoni kabisa.

Nyumbani kwanza, maana ndiko ilikofaulu. Sam si tajiri wa kawaida. Ana cheo cha Mom Luang, ngazi ya mwisho ya kizazi cha wafalme wa Thailand inayobeba cheo mbele ya jina. Mjukuu wa mfalme ni Mom Chao, mtoto wake ni Mom Rajawongse, anayefuata ni Mom Luang, na baada ya hapo damu ya kifalme inabaki kuwa kumbukumbu ya ukoo tu. Mtu aliyesimama kwenye ngazi ya mwisho ana kila sababu ya kuogopa kuteleza, na aliyemlea Sam anaogopa zaidi yake. Bibi yake ndiye anayeamua mjukuu atasoma nini, atavaa nini, ataolewa na nani. Mchumba yupo tayari, Kirk, kijana wa familia ifaayo. Wajukuu walikuwa watatu na majina yao ni hesabu tupu: Neung, Song, Sam, moja, mbili, tatu. Neung ameasi na kuondoka. Song amekwisha kufa. Aliyebaki ni namba tatu, na matumaini yote ya mwanamke mzee yamemwangukia yeye.

Watunzi wa GAP hawakuhitaji hotuba kuyaeleza haya. Inatosha kumwona Sam, aliyekuwa akitetemesha ofisi nzima mchana, akikaa mbele ya bibi yake amenyooka mgongo, mikono mapajani, akijibu maneno mawili mawili. Freen anaucheza ukavu huo kwa akili. Uso wake hausogei, kisha kitu kidogo kinaponyoka pembeni mwa mdomo na mtazamaji anagundua kwamba ukali ule wote ni woga uliofundishwa adabu. Ndiyo maana vichekesho vyake vinachekesha. Mtu mzima aliyelelewa kwa kanuni, asiyejua raha ndogondogo za watu wa kawaida, anazigundua moja baada ya nyingine kupitia kwa msichana wa familia ya kawaida. Becky naye hamfanyi Mon kuwa mjinga wa mapenzi. Anampa ukaidi wa kimya kimya. Wawili hawa walikwisha kuonekana pamoja katika Secret Crush on You, na mazoea yao yanasaidia hata pale maandishi yanapolegea.

Turudi ofisini sasa.

Kampuni ya Sam inashughulika na mambo ya mtandaoni, kurasa na video za vijana. Vipindi vya mwanzo vinaahidi mengi: wafanyakazi wanaomwogopa bosi, mgeni anayejifunza kazi, minong'ono ya pembeni. Kisha kazi inayeyuka. Mtazamaji aliyemaliza vipindi vyote 12 angepata tabu kueleza Mon alikuwa akifanya nini hasa kwa siku, au aliwahi kufanikisha lipi mwenyewe. Meza zipo, kompyuta zipo, vitambulisho vinaning'inia shingoni, lakini ofisi imekuwa sebule ya kumsubiria Sam.

Hilo lingesameheka kama lingekuwa uvivu wa mapambo tu. Lakini Sam ndiye anayemwita Mon afike, ndiye anayeamua Mon aondoke saa ngapi, na ndiye anayenuna kwa wivu Mon akizungumza na mtu mwingine. Ukimwondolea ubosi, vitendo hivyo ni vituko vya mtu asiyejua kupenda. Ukimrudishia, ni amri za mwajiri kwa msichana aliyeanza kazi juzi. Tamthilia inavionyesha kwa muziki mtamu, na haijiulizi hata mara moja Mon angefanya nini kama jibu lake lingekuwa hapana.

Thailand yenyewe inajiuliza. Sheria yake ya ulinzi wa kazi ya mwaka 1998, kifungu cha 16, inamkataza mwajiri, mkuu wa kazi na msimamizi kumsumbua mfanyakazi kijinsia. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi haki ya kiinua mgongo pale tu anapotimiza siku 120 kazini, na ndiyo sababu kampuni nyingi huko huweka kipindi cha majaribio cha siku 119. Kila mwajiriwa wa Bangkok anaijua hesabu hiyo. Ndani ya siku hizo, mtu mpya yuko mikononi mwa bosi wake kwa namna ambayo hakuna bibi mwenye cheo anayeweza kuifikia. Hapo pangeweza kutoka tamthilia kamili. GAP ilipapita.

Shabiki atajibu kwamba hii ni hadithi ya mapenzi, si semina ya idara ya utumishi. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama GAP isingekuwa imejitwika mzigo wa kuzungumzia madaraka. Lakini ndiyo mada yake. Inamshtaki bibi kwa kumtumia mjukuu kama mali ya ukoo, na mashtaka yamepangwa vizuri. Sasa huyohuyo mjukuu anapojifunza kupenda kwa kumwamrisha mtu aliye chini yake, amejifunza wapi? Jibu limekaa palepale mezani, kwamba Sam anatawala ofisi kama alivyotawaliwa nyumbani, na kipindi kimoja tu cha kuliweka wazi kingeifanya tamthilia hii kuwa kubwa maradufu.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Wathai hawajui kuigeuza ofisi kuwa moyo wa hadithi. Mwaka 2012 kampuni ya GTH ilitoa filamu ya vichekesho ATM: Er Rak Error, iliyoongozwa na Mez Tharatorn. Sua na Jib, walioigizwa na Chantavit Dhanasevi na Preechaya Pongthananikorn, wanafanya kazi benki moja inayokataza wafanyakazi wake kupendana. Wamependana kwa siri kwa miaka mitano. Wakitaka kuoana, mmoja aache kazi, na hakuna anayekubali kuwa yeye. Mashine ya kutolea fedha huko Chonburi inapopata hitilafu na kuwapa watu fedha zaidi ya walizoomba, baht 130,000 zinapotea, na wapenzi hao wanawekeana dau: atakayezirudisha kwanza abaki kazini. Filamu nzima inaendeshwa na kanuni moja ya ajira. Ni kichekesho, tena cha kelele, lakini hakisahau hata dakika moja kwamba mapenzi ya watu wawili wenye mishahara yana bei.

Wakorea nao, ambao ndio walioisambaza sana Asia hii kanuni ya bosi mwenye kiburi, walishaona mtego. What's Wrong with Secretary Kim ya 2018 inaanza kwa katibu muhtasi kumwarifu bosi kwamba anaacha kazi baada ya miaka tisa. Kabla mapenzi hayajaanza, mlango wa kutokea umekwisha kuoneshwa.

Cha kuchekesha ni kwamba GAP ina jibu lake ndani na haikulitambua. Yuki, mfanyakazi mwenzake Mon, anaangukia kwenye mapenzi na Tee, rafiki wa Sam. Hakuna anayemlipa mwenzake wala anayeweza kumfukuza, na wanapotaniana hewa inakuwa nyepesi mara moja. Ni wawili wa pembeni, dakika zao chache, lakini ndio mapenzi huru kuliko yote humo ndani.

Kasoro nyingine ni za kawaida za tamthilia za huko na hazihitaji wino mwingi. Bidhaa za wadhamini hujipenyeza katikati ya mazungumzo. Wivu unarudiwa hadi unachosha, na Nop, rafiki wa utotoni wa Mon, yupo tu ili Sam apate wa kumwonea wivu. Bibi naye, baada ya vipindi kumi na ushee vya kuwa mwamba, anageuka upesi mno kuelekea mwisho, kana kwamba saa ya studio ilikuwa imekwisha.

Idol Factory iliwakutanisha tena Freen na Becky mwaka 2024 katika The Loyal Pin, hadithi ya zamani kidogo, ya binti mfalme na binti wa ukoo bora waliokua pamoja. Vyeo, nasaba na wazee wenye kauli vyote vimerudi, mavazi mazuri kupita kiasi, na tamthilia imetulia kwenye uwanja wake. Ofisi haimo tena. Lile swali la Mon na siku zake 119 limebaki kiporo, na kwa wingi wa tamthilia za wanawake wawili zinazotengenezwa Bangkok sasa, mtunzi wa kulipasha moto hawezi kuwa mbali.